Gonga Simtanki Kwanza

Dalali amefungua geti, amewapitisha wageni sebuleni kwenye vigae vinavyong'aa, amewaonyesha chumba masta, amewasha taa za jikoni na kuzizima ili kila mtu aone umeme upo. "Na maji?" mama wa familia anauliza. "Maji hapa si shida kabisa, mama yangu," dalali anajibu, mkono wake ukiwa tayari kwenye kitasa cha chumba kinachofuata. Mama hamfuati. Anatoka uani, kwenye simtanki jeusi lililokalishwa juu ya zege, analigonga kwa kifundo cha kidole kuanzia juu kushuka chini. Tanki lenye maji hubadilisha sauti pale maji yanapoanzia. Hili linalia kama ngoma hadi kitakoni.

Ng'ambo ya ukuta jirani anaanika nguo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja kuangalia nyumba?"

"Ndiyo, mama. Maji huku yanatoka siku gani?"

"Jumanne na Ijumaa, usiku. Ukilala, umekosa."

Aliyewahi kutafuta nyumba ya kupanga Dodoma mwezi wa Oktoba hahitaji kuelezwa zaidi. Vigae, dari la jipsamu na geti la kuteleza huonekana kwa macho na ndivyo dalali anavyoviuza. Yale yatakayoamua kama familia itaishi kwa raha au kwa kero yako nyuma ya nyumba, kwa jirani, na kwenye njia ya mtoto kwenda shule. Hayo hayana dalali.

Dodoma ni mfano mzuri wa kujifunzia habari ya kuhamisha familia kwa ajili ya kazi, kwa sababu ni mji uliojaa watu waliohamishwa. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi huko ulipitishwa mwaka 1973, lakini kwa zaidi ya miaka arobaini serikali ilikaa mguu mmoja Dodoma, mmoja Dar es Salaam. Julai 2016 Rais John Magufuli akatangaza kwamba safari hii serikali inahama kweli, na Septemba mwaka huohuo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akawa amehamia. Aprili 26, 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 mjini humo. Ya 2022 ikakuta 765,179. Nyuma ya kila mtumishi wa wizara alikuja mwenye duka la vifaa vya ofisi, karani wa benki, fundi wa kompyuta, wakili, mama wa chakula cha mchana. Wote walihitaji mahali pa kulala, na wengi walichagua kwa haraka.

Haraka yenyewe ina sura yake. Mwenye kazi hutangulia na begi moja, hufikia gesti, na baada ya siku tano za kulala kwenye kitanda cha kukodi anakubali nyumba ya kwanza iliyo karibu na wenzake wa ofisini. Miezi miwili baadaye lori linafika na makabati, watoto, dada wa kazi, pengine na bibi. Hapo ndipo inagundulika kwamba aliyeichagua nyumba ndiye atakayekaa humo saa chache kuliko wote. Yeye mchana kutwa yuko kwenye jengo lenye maji, kiyoyozi na kantini. Mwenzake, watoto na bibi ndio wenye mtaa.

Basi mwongozo huu unaanzia kwao. Kabla ya kumpigia dalali yeyote, familia ikae mezani na karatasi na iandike Jumanne moja ya kawaida: nani anaamka saa ngapi, anakwenda wapi, kwa usafiri gani, anarudi saa ngapi, na katikati ya siku nani anabaki peke yake nyumbani. Jumanne, kwa sababu Jumapili kila mtaa ni mzuri. Karatasi hiyo ikikamilika, mitaa mingi itajiondoa yenyewe kabla hata ya kuonekana.

Halafu ije ramani. Dodoma ni rahisi kueleweka kwa barabara zake kuu nne zinazotawanyika kutoka katikati: ya Dar es Salaam kwenda mashariki, ya Singida magharibi, ya Arusha kaskazini na ya Iringa kusini. Mji wa Serikali, Mtumba, uko kilomita zipatazo 17 mashariki mwa katikati ya jiji, kwenye barabara ya Dar es Salaam. Kwa hiyo anayefanya kazi Mtumba na kupanga Nkuhungu au Kizota, upande wa Singida, atauvuka mji mzima mara mbili kila siku. Wa Nzuguni, Ihumwa au Ilazo yuko upande ule ule wa kazi. Kuna jambo dogo ambalo ramani haiandiki: anayetoka mjini kwenda Mtumba asubuhi anaelekea mashariki, jua liko usoni, jioni anarudi magharibi, jua liko usoni tena. Mwenye pikipiki anajua maana yake.

Lakini si kila ofisi ya umma iko Mtumba. Bunge liko mjini, benki na taasisi kadhaa ziko mjini, Chuo Kikuu cha Dodoma kiko kwenye vilima vyake kusini mashariki. Swali la kwanza kwa mwajiri liwe jengo, si jiji: nitaripoti jengo lipi, na je, kuna mpango wa ofisi hiyo kuhama tena? Wapo waliopanga karibu na ofisi ya muda, ofisi ikahamia Mtumba, wao wakabaki na mkataba wa mwaka mzima. Barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3 inayozunguka jiji nayo inabadilisha hesabu za mitaa ya pembeni. Mtaa uliokuwa mwisho wa dunia juzi leo unaweza kuwa dakika chache kutoka barabara ya lami. Anayehama asiambiwe tu, aende akapime mwenyewe kwa saa, asubuhi ya siku ya kazi.

Maji yanastahili muda kuliko kitu kingine chochote. Dodoma hupata wastani wa milimita 570 hivi za mvua kwa mwaka, na karibu zote hushuka kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni mikavu. Sehemu kubwa ya maji ya bomba yanayosambazwa na mamlaka ya maji ya Dodoma, DUWASA, hutoka kwenye visima vya bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji, vilivyoanza kutumika mji ukiwa mdogo sana. Watu wameongezeka kwa kasi kuliko mabomba. Matokeo yake ni mgao, na mgao haufanani: mtaa mmoja hupata maji siku nne kwa wiki, wa pili yake, uliopanda kidogo mlimani, hupata usiku mmoja.

Hesabu ni nyepesi na inafaa ifanywe kabla ya kusaini. Familia ya watu sita wanaotumia kwa uangalifu, lita 50 kila mtu kwa siku, inahitaji lita 300. Simtanki la lita 1,000 litawafikisha siku tatu na ushee. La lita 2,000 litawafikisha siku sita. Mtaa ukipata maji mara moja kwa wiki, hata hilo kubwa halitoshi, na pengo litazibwa kwa boza au kwa madumu ya mkokoteni, ambayo bei yake hupanda kiangazi kikikaza. Nyumba ya kodi nafuu yenye boza mara mbili kwa mwezi inaweza kuwa ghali kuliko ile ya jirani iliyoonekana ya kifahari. Uliza pia maji yanapanda vipi kwenye tanki. Kama yanapandishwa kwa pampu, pampu inakula umeme, na yakitoka usiku umeme ukiwa umekatika, basi hayakutoka.

Kisha kuna chumvi. Nyumba nyingi za pembeni hutegemea visima vya kuchimba, na maji ya baadhi yake ni ya chumvi au magumu. Dalali atasema "kisima kipo, hulipi bili," na atakuwa amesema kweli. Fungua bomba, nawa kwa kipande cha sabuni: ikigoma kutoa povu, umepata jibu. Tazama kichwa cha bomba la mvua bafuni na ndani ya birika la jirani, kama kuna ukoko mweupe. Onja. Maji ya namna hiyo hufulia kwa shida, huziba hita, na familia italazimika kununua ya kunywa na ya kupikia kila wiki. Watu wanayazoea, ni kweli. Bibi mwenye shinikizo la damu hatakiwi kuyazoea.

Anayetoka Dar es Salaam, Tanga au Zanzibar hujiandaa kwa joto. Kinachomshangaza ni baridi. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai watoto waliozoea kulala na shuka moja huamka wanatetemeka. Kuanzia Agosti upepo unashika kazi na vumbi linaingia hata kwenye kabati lililofungwa. Mwenye mtoto wa pumu asipange kando ya barabara ya vumbi inayopitiwa na malori ya mchanga, hata kama nyumba yenyewe ni mpya na kodi imepunguzwa. Atazame miti: ua lenye miarobaini miwili mitatu linavunja upepo, na kivuli chake saa nane mchana kina thamani kuliko feni.

Mvua nayo ina hila. Dodoma ina makorongo yanayokaa makavu miezi minane, watoto wakicheza mpira ndani yake na mafundi wakichota mchanga. Mtu akipita Septemba haoni mto, anaona njia ya mkato. Mwezi wa Januari mvua ya saa moja inaligeuza korongo hilo kuwa maji ya kahawia yanayobeba matofali. Kwa hiyo anayeangalia nyumba kiangazi aangalie kuta: kuna mstari wa tope uliokauka kwenye uzio? Msingi umeinuliwa kuliko wa majirani? Barabara ya kuingilia inavuka korongo, na kama inavuka, kuna daraja au kuna mawe tu? Nyumba inaweza kubaki kavu kabisa huku basi la shule likishindwa kuifikia wiki mbili. Na nyufa: mji uko ukanda wa Bonde la Ufa na ardhi hutikisika kidogo mara kwa mara, kwa hiyo ufa mwembamba kwenye plasta usimtishe mtu. Ufa unaokatiza tofali kwa mshazari kutoka kona ya dirisha ni habari nyingine.

Shule ndiyo inayoamua tarehe. Mwaka wa masomo Tanzania huanza Januari na likizo ndefu ya katikati huwa Juni. Familia inayoweza kusogeza lori lake hadi moja ya nyakati hizo imepunguza nusu ya usumbufu. Mwanafunzi akihama, taarifa zake nazo huhamishwa kwenye mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani, kwa hiyo shule anayotoka na anayokwenda lazima ziwasiliane. Kumchukua mtoto kwa mkono na kumpeleka darasani hakutoshi. Kwa aliye darasa la nne, la saba, kidato cha pili au cha nne, mambo ni mazito zaidi kwa sababu anasajiliwa kufanya mtihani kwenye kituo chake. Familia nyingi humwacha huyo kwa shangazi au mama mdogo hadi mtihani uishe. Uamuzi huo hauna ubaya wowote. Ubaya ni kuukumbuka mwezi wa Agosti, wakati mtihani wa darasa la saba uko Septemba.

Kuhusu ubora wa shule, matokeo yaliyobandikwa ukutani ni ya watoto waliokwisha kuondoka. Mzazi aende saa nne, wakati wa mapumziko, ahesabu madawati kwenye darasa moja na ahesabu watoto, atazame foleni ya chooni na kama kuna maji ya kunawa. Halafu asimame kituoni saa saba mchana au saa kumi alasiri, wanafunzi wanapotoka. Kila mji wa Tanzania unalijua tatizo la konda anayesukuma mlango daladala likiwa linaondoka, kwa sababu mwanafunzi analipa nauli ndogo na anachukua nafasi ya mtu mzima. Mtoto wa miaka tisa anayeachwa na magari matatu atafika nyumbani jua likizama. Nyumba iliyo umbali wa kutembea kutoka shuleni inaondoa tatizo hilo lote, na ndiyo maana mitaa ya zamani kama Area C, Area D au Kikuyu, ambayo nyumba zake wengine huziona zimechakaa, bado ina wapangaji wanaong'ang'ania. Kwa wanaotumia basi la shule, swali ni moja: gari linaanzia upande gani? Mtoto wa kituo cha kwanza huchukuliwa saa kumi na moja alfajiri, wa kituo cha mwisho saa kumi na mbili na nusu, na ada ni ileile.

Mgonjwa wa kudumu katika familia anaweza kubatilisha kila kitu kilichosemwa hapo juu. Hospitali ya Benjamin Mkapa, ambako upandikizaji wa figo ulianza mwaka 2018, iko upande wa Chuo Kikuu. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambayo watu bado huiita Jenerali, iko katikati ya mji. Anayehudhuria kliniki mara mbili kwa wiki apangiwe Iyumbu au mtaa unaofikika kwa gari moja, hata kama mwenye kazi atasafiri zaidi. Na kadi ya bima ihakikiwe kwenye kituo chenyewe, dirishani, kabla ya kuhitajika.

Sasa fedha. Mtumishi wa umma anayehamishwa na mwajiri ana haki zake kwenye Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za 2009: posho ya kujikimu ya siku 14 kwake, kwa mwenza wake na kwa watoto au wategemezi wasiozidi wanne, posho ya usumbufu ya asilimia 10 ya mshahara wa mwaka, na gharama za kusafirisha watu na mizigo. Aliyeomba mwenyewe kuhama hujigharimia. Zile siku 14 ni nafasi ya kutafuta nyumba kwa utulivu, na matumizi yake mazuri ni kulala gesti za mitaa tofauti, siku tatu tatu, badala ya kukaa hoteli moja karibu na stendi. Usiku mmoja wa Jumamosi utamwambia mtu mengi zaidi kuhusu baa ya jirani kuliko ziara kumi za mchana. Ila posho huweza kuchelewa, na mwenye nyumba hapokei barua ya uhamisho. Anayehama aanze na akiba yake. Afike pia akijua kalenda: Bunge la bajeti linapokaa, Aprili hadi Juni, gesti hujaa na bei hupanda.

Kwa aliye sekta binafsi kuna kifungu kinachosahaulika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri, ajira ikikoma mahali pasipo pale mtu alipoajiriwa, amsafirishe yeye na mizigo yake hadi alipoajiriwa au alipe gharama hizo. Kwa hiyo jina la mahali pa kuajiriwa kwenye mkataba ni fedha. Anayekubali mkataba mpya ulioandikwa "ameajiriwa Dodoma" wakati ametolewa Mwanza, amesamehe lori la kurudi.

Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au mwaka, na dalali hudai kodi ya mwezi mmoja kama ujira wake, mbali na hela ya kuonyeshwa nyumba. Hela ya kuonyeshwa hulipwa hata nyumba ikiwa mbovu, kwa hiyo picha na majibu ya simu kuhusu maji yatangulie. Yaliyobaki hujadilika. Kuomba miezi mitatu ya kwanza, kwa hoja kwamba familia haijafika, si aibu, na nyumba iliyokaa wazi tangu mwaka jana itakubali. Aliye makini hatoi shilingi kabla ya kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuuliza nyumba ni ya nani. Wapo wapangaji waliolipa mtu aliyekuwa na funguo tu, na wapo wawili waliokutana getini siku moja, kila mmoja na lori lake na risiti yake.

Kabla ya kulipa, nunua umeme wa shilingi elfu tano kwa namba ya mita ya nyumba hiyo, mwenye nyumba akiwepo, na msome risiti pamoja. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, umeme wa kulipia kabla, na nyumba iliyokaa miezi minane bila mtu imelimbikiza deni ambalo mpangaji mpya atalilipa kwenye tokeni yake ya kwanza bila kujua limetoka wapi. Kodi hiyo kisheria ni ya mwenye nyumba. Maelewano ya kuirudisha kwenye pango yaandikwe. Risiti itaonyesha pia mita iko kundi gani. Mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi huuziwa uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Anayezidi hulipa karibu mara tatu. Nyumba tatu uani zikichangia mita moja zitavuka uniti hizo wiki ya pili, na hapo ugomvi wa nani ana friji na nani ana pasi huanza, kila mwezi, hadi mmoja ahame.

Suala ambalo familia hulizungumza mwisho, na lingefaa kuwa la kwanza, ni kazi ya mwenza. Akiwa mwalimu au muuguzi wa serikali, kumfuata mwenza ni sababu inayokubalika ya kuomba uhamisho, na maombi hupitia mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma, ESS. Lakini nafasi lazima iwepo anakotaka kwenda, na majibu hayana haraka. Akiwa mfanyabiashara, duka halihamishiki kama kabati. Mama aliyejenga wateja kwa miaka kumi Sinza au Mbagala, Dar es Salaam, hatawakuta Ihumwa. Mitaa mipya ina nyumba nzuri na wateja wachache wanaorudi usiku. Majengo, Sabasaba na pembezoni mwa soko la Job Ndugai kuna miguu ya watu kutwa. Familia inayotegemea vipato viwili inapaswa kupanga pale kipato cha pili kinapoweza kuzaliwa upya. Kipato cha kwanza kina ofisi, kitajitafutia njia.

Wapo wanaoamua kutohama wote. Tangu Julai 25, 2024 treni ya umeme inafika Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa saa kama tatu na nusu hadi nne, na wengi wamegeuza jambo hilo kuwa mtindo wa maisha: Ijumaa jioni kushuka, Jumapili kupanda. Huduma ilipoanza nauli ya kawaida ilikuwa shilingi 31,000. Safari nne za kwenda na kurudi kwa mwezi ni shilingi 248,000, bila bodaboda za kwenda stesheni, na juu yake kuna nyumba mbili, majiko mawili, mita mbili. Kwa mwaka mmoja, mtoto akimalizia shule, hesabu hiyo inabebeka. Ikiingia mwaka wa tatu, fedha huwa ndilo tatizo dogo: mtoto anayemwona baba Jumamosi tu hujifunza kumsubiri Ijumaa na kumsahau Jumatatu. Wenye busara huweka tarehe ya mwisho mapema na kuiandika.

Na kiwanja? Kila mgeni Dodoma huulizwa wiki ya kwanza kama ameshanunua kiwanja, kana kwamba vinaisha kesho. Asubiri mzunguko mmoja kamili wa mwaka, aone vumbi na aone matope. Ardhi ya mji huu ina historia yake: kuanzia 1973 ilisimamiwa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliyotoa hati za miaka 33 na kuacha migogoro mingi ya viwanja hadi ilipovunjwa Mei 2017, shughuli zake zikahamia halmashauri na hati zikaelekezwa ziwe za miaka 99. Viwanja vyenye wenyewe wawili bado vipo. Upekuzi kwenye ofisi ya ardhi hugharimu kidogo kuliko wakili wa miaka saba, na muuzaji anayekasirika akiombwa namba ya kiwanja ameshajibu.

Siku nyumba inapopatikana, ziara ya pili ifanywe na familia nzima, bibi akiwemo. Bibi atahesabu ngazi, atauliza msikiti au kanisa liko wapi, atasema choo kiko mbali na chumba chake. Mtoto ataona mbwa wa jirani ambaye hakuna mtu mzima aliyemwona. Wakishahamia, wiki ile ile mwenye familia aende serikali ya mtaa kujiandikisha. Barua ya utambulisho ya mtendaji itahitajika shuleni, benki na hata siku ya kuchukua laini ya maji, na huombwa kwa wepesi zaidi na mtu anayejulikana kwa sura.

Mtihani halisi wa nyumba utakuja baadaye, pengine Desemba usiku, mvua ya kwanza ikigonga bati. Amka uwashe taa, pita chumba hadi chumba ukitazama dari, kona za madirisha na kizingiti cha mlango wa nyuma. Panapovuja, piga picha na umtumie mwenye nyumba usiku huohuo, tarehe na saa zikionekana, maana ukarabati unaoombwa Januari hujibiwa kwamba mvua zinakaribia kuisha. Ukishatuma, toa ndoo zote nje uzipange chini ya mchirizi wa bati. Maji yale hayana chumvi, na Ijumaa bado iko mbali.